Wema Usiokumbukwa

Je, mtu aweza kutendewa wema ambao hatoukumbuka kamwe? Swali hili huonekana jepesi hadi lisogezwe kwa mtoto mchanga. Wajuzi wa elimu ya nafsi wanatuambia kwamba watu wazima wengi hawana kumbukumbu ya yaliyowapata kabla ya umri wa miaka mitatu hivi. Basi yale yote tunayomfanyia mtoto katika miaka hiyo, tunamfanyia nani?

Swali hili lilinikabili Achill, kisiwa cha upande wa Mayo, magharibi ya Ireland, kilichoungwa na bara kwa daraja tangu mwaka 1887. Binti wa rafiki yangu, aliyeolewa Dublin, alikodi pamoja na marafiki zake nyumba ndogo ya mawe iliyoelekea bahari, kwa wiki moja ya mwezi wa Juni, akanialika. Tulikuwa watu wazima sita na watoto wachanga watatu. Jua la Juni huko halituwi mpaka saa nne za usiku zimepita, na mtoto haelewi kwa nini alazwe ilhali mchana ungalipo. Tukatundika mablanketi madirishani. Mvua ilikuja na kwenda bila ya kubisha hodi. Nepi zilianikwa mbele ya moto, na chai ilinywewa baridi, kwani kila aliyemimina kikombe aliitwa kabla hajakifikisha mdomoni. Hiyo ndiyo iliyoitwa mapumziko.

Siku ya tatu, baada ya usiku ambao watoto walipokezana kulia kama walinzi wenye zamu, yule binti alinambia: "Ami, tumemleta mwendo wa saa nne kwa gari aje ale mchanga. Hatokumbuka hata chembe."

Liko jibu la haraka, nalo lina ushahidi: mwili hukumbuka yale ambayo akili haiyakumbuki. Baada ya utawala wa Ceaușescu kuanguka nchini Romania mwaka 1989, ulimwengu uliona makumi ya maelfu ya watoto waliokuwa wakitunzwa katika majumba bila ya kupakatwa wala kusemeshwa. Utafiti ulioanzishwa Bucharest mwaka 2000 ulionyesha kwamba waliopelekwa kulelewa katika familia, hasa kabla ya kutimiza miaka miwili, walikua vizuri zaidi kuliko waliobakia humo. Jibu hili ni la kweli, lakini silipendi likisimama peke yake. Linamfanya mtoto kuwa kibubu: tumbukiza mapenzi leo, uvunje kesho uhesabu faida. Na yule asiyeifikia kesho je?

Suali la mwisho si la kubuni. Katika pwani hiyo ya magharibi, Achill ikiwemo, yako maziara madogo yaitwayo kwa Kiirish *cillíní*. Humo walizikwa watoto waliokufa kabla ya kubatizwa, kwa kuwa hawakuruhusiwa kulala katika ardhi iliyobarikiwa na kanisa. Desturi hiyo iliendelea hadi katikati ya karne ya 20. Aghalabu baba ndiye aliyekwenda kuzika, magharibi au usiku, bila ya kasisi, na juu ya kaburi likawekwa jiwe lisilo jina. Mara nyingine jiwe jeupe lililookotwa kwa kuchaguliwa. Mwaka 2007 tume ya wanatheolojia ya Vatikani ilitoa waraka ukisema kuwa kuna sababu ya kutumai kwamba watoto kama hao wataokolewa. Mababa wale hawakuungoja waraka. Walimchagulia jiwe jeupe mtu ambaye hakuishi hata kuwajua, wala hawakutarajia kulipwa chochote. Anayesema kuwa wema usiokumbukwa ni kazi bure, na aeleze kwanza lile jiwe ni la nini.

Hata hivyo, hatari ninayoihofia zaidi haiko kwa mtoto aliyekufa. Iko kwa aliye hai. Lugha yetu ina neno masimango, yaani kumkumbusha mtu fadhila ulizomtendea hadi akatamani lau usingelimtendea. Mtoto ndiye anayesimangwa kwa urahisi kuliko wote, kwa sababu hana ushahidi wa upande wake. "Nilikesha kwa ajili yako, nilikubeba mvuani." Atajibu nini? Daftari la deni liko kwa mdai, limeandikwa na mdai, na mdaiwa hakuwahi kutia saini. Huko Dooagh, kijiji cha Achill, dhoruba zilichukua mchanga wote wa ufuo mwaka 1984. Kwa miaka 33 vijana waliupokea ufuo ule kwa masimulizi ya wakubwa, hadi bahari ilipourudisha mwaka 2017. Wao walipata bahari ya kuwathibitishia. Mtoto hana bahari hiyo. Kwa hivyo naona kwamba mzazi ana haki ya kumsimulia mwanawe wiki ile, lakini hana haki ya kumdai.

Wahenga walisema tenda wema wende zako. Mimi huona kuwa usemi huu ulitungwa na mtu msafiri. Mlezi haendi zake. Anaamka hapo hapo, karibu na yule aliyemtendea, akaanza upya. Ugumu wake ni huo: kukaa na deni chumba kimoja bila ya kulitaja.

Tulikuwa naye mmoja aliyeweza kwenda zake kwa kweli. Alikuwa rafiki wa wenye watoto, asiye na mtoto, na sikumuuliza sababu. Usiku wa nne aliwachukua wachanga wawili, mmoja baada ya mwengine, akatembea nao jikoni tangu saa nane mpaka alfajiri, ili mama zao walale. Hakuwa na nafasi ya kuja kusimanga hata angetaka: hao si wanawe, na huenda wasimwone tena wakiwa na akili zao. Nilimsikia akiwahadithia kwa sauti ndogo majina ya vyombo vilivyokuwa rafuni, sahani, birika, kijiko, kama mtu anayefundisha lugha.

Siku ya kuondoka baba mmoja alikiandika kitabu cha wageni. Aliyaorodhesha majina ya watoto watatu mwanzo, kwa herufi kubwa, na ya wazee wao chini yake, nami nikapewa mstari wangu. Jina la yule bibi halimo. Alikuwa nje akifunga viti vya watoto garini.