Raha ya Angani na Haki ya Aliye Chini

Swali la kama mwanadamu anaruhusiwa kupanda angani kwa ajili ya furaha tu, pasipo abiria wa kufikisha wala mzigo wa kupeleka, huonekana dogo mpaka linapoulizwa Goma, mji wa mashariki mwa Kongo ambao watu wake wamezoea kuinua macho kwa hofu kila mngurumo unapopita juu ya mabati yao. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga, zilizotokana na Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, zinamtambua rubani binafsi, yaani mtu mwenye leseni ya kurusha ndege bila kupokea ujira, na zinamtaka awe ametimiza miaka 17 na, kwa kawaida, kumaliza angalau saa 40 za kuruka. Ujira ukiondolewa, hubaki shauku peke yake, na shauku hiyo ndiyo inayopaswa kupimwa.

Si haki kuilaani mara moja. Mtakatifu Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, alimfuata Aristotle katika kuhesabu kiasi katika michezo kuwa fadhila, kwa kuwa roho nayo huchoka kama mwili na huhitaji pumziko. Na Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikubali kwamba burudani ya halali huupumzisha moyo ili urudi kwenye ibada ukiwa na nguvu. Zaidi ya pumziko kuna mshangao, yaani hali ya nafsi kunyenyekea mbele ya jambo kubwa kuliko yenyewe, ambao Kurani inauamsha katika Sura al-Mulk inapowaalika watu wawatazame ndege wa angani wanaoshikiliwa na Mwingi wa Rehema. Anayepaa katika ndege ndogo yenye injini moja juu ya Kivu huona kwa mtazamo mmoja volkano ya Nyiragongo yenye kimo cha mita 3,470, Nyamulagira jirani yake, mito ya lava iliyoganda kuwa miamba myeusi, na ziwa lililotulia chini yake, vitu ambavyo mtembea kwa miguu huviona kimoja kimoja na kwa jasho. Mtu akiyaona hayo asimshukuru Muumba, kasoro ni ya moyo wake, wala si ya ndege.

Ugumu unaanzia kwingine. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya abiria aina ya DC-9 ilishindwa kupaa kutoka uwanja wa Goma, ikapita mwisho wa njia ya kurukia na kuingia katika mtaa wa Birere, na wengi wa waliokufa hawakuwa abiria bali watu waliokuwa kwenye shughuli zao; tarehe 24 Novemba 2019 ndege ndogo zaidi, aina ya Dornier 228, iliangukia nyumba za mtaa wa Mapendo muda mfupi baada ya kupaa. Njia ile ilikuwa imefupishwa na lava ya Nyiragongo iliyofunika sehemu yake ya kaskazini mwezi Januari 2002. Isitoshe, uwanja uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi, kwa hiyo injini ya kawaida hupoteza sehemu ya nguvu zake na ndege huhitaji mwendo mkubwa zaidi na umbali mrefu zaidi kabla ya kuiacha ardhi.

Kanuni za anga zinakataza kuruka juu ya makazi yenye msongamano isipokuwa katika kimo kitakachoiwezesha ndege, dharura ikitokea, kutua bila kuwahatarisha walio chini. Lakini katazo hilo huondolewa wakati wa kupaa na wakati wa kutua. Maana yake ni kwamba sheria humlinda kila mtu isipokuwa yule ambaye nyumba yake iko mwisho wa njia ya kurukia, na kwa Goma, hapo ndipo ulipo mtaa wa Birere. Ndege inayopeleka dawa au kumwahisha mgonjwa ina hoja ya kumweleza mkazi huyo, kwa kuwa siku moja mgonjwa anaweza kuwa mwanawe. Ndege inayopaa kwa raha haina hoja hiyo: furaha ni ya mmoja, hatari ni ya wawili, na wa pili hakuulizwa.

Historia ya Afrika Mashariki ina kisa kinacholiweka jambo hili wazi. Denys Finch Hatton, Mwingereza aliyeipenda sana anga ya Kenya, alianguka na ndege yake aina ya Gipsy Moth huko Voi mwezi Mei 1931, akafa pamoja na mtumishi wake Mkikuyu aliyeitwa Kamau. Kaburi la Finch Hatton katika vilima vya Ngong lina mnara, na vitabu na filamu vimemhuzunikia. Kamau hutajwa kwa nadra, kana kwamba kifo chake kilikuwa sehemu ya mizigo. Je, mtumishi wa zama za ukoloni aliweza kweli kukataa kupanda ndege ya bwana wake? Ridhaa isiyoweza kukataliwa si ridhaa.

Hata hivyo, kuzuia furaha milele nako kungekuwa kosa. Nabii Zekaria, katika sura ya nane ya kitabu chake, anapoeleza Yerusalemu iliyorudishiwa amani, hataji majeshi wala hazina, bali wazee walioketi na watoto wanaocheza katika njia za mji. Kwake mchezo ni ushahidi kwamba hofu imeondoka. Goma, ambayo uwanja wake ulifungwa mwishoni mwa Januari 2025 mji ulipotekwa na waasi wa M23, inastahili siku ambayo ndege ndogo itazunguka juu ya ziwa bila sababu yoyote na hakuna mama atakayewaita watoto waingie ndani.

Siku hiyo haitangazwi na rubani. Kwa muda wote ambao mwisho wa njia ya kurukia ni mapaa ya watu, kupaa kwa burudani kutoka uwanja huo si halali mbele ya dhamiri, hata leseni ikiwa kamili, na anayeipenda anga atafute kiwanja mbali na makazi, ambako injini ikizima atakayedhurika ni yeye aliyechagua. Wale watakaopanga upya uwanja wa Goma wawaite wakazi wa Birere na Mapendo mezani, wawasikilize kabla ya ramani kuchorwa, na wakikataa, jibu lao liheshimiwe.