Saa za Alfajiri ni za Nani?

Sisi walimu tu hodari wa kusifu kudamka. Mtoto awahiye shuleni twamsifu mbele ya wenziwe, na achelewaye twamkemea, wala hatuulizi ni nani aliyeamka kabla yake akamwashia moto. Mimi nami nalikuwa hivyo miaka mingi. Aliyenifunza kuuliza ni mke wa jirani yangu, na habari yake nitaieleza hapa, kwa kuwa ndani yake mna swali ambalo nadhani kila nyumba ya mtu wa kazi yapasa kulijibu: mtu akiuza alfajiri yake, auza kilicho chake peke yake?

Jirani yangu ni mkata mkonge katika shamba moja la huku kwetu Tanga. Kazi hiyo si ya mchezo. Katika mistari ya mkonge hakuna kivuli. Kila jani lina mwiba nchani, na maji yake huwasha mwili. Tena mtambo hautaki kungoja, kwa maana majani yakikaa sana baada ya kukatwa hukauka, na kuzisafisha singa zake huwa shida. Kazi ya mkataji hupimwa kwa matita ya majani, si kwa saa. Akiyatimiza mapema, aenda zake. Kwa hiyo hakuna bwana amwamrishaye kuamka saa 10 alfajiri. Aamka mwenyewe, apate kushika mistari yake kunapopambazuka na kurudi kabla jua halijamchoma. Neno hilo likumbukwe, maana ndilo lifanyalo shauri hili kuwa gumu: hakuna wa kulaumiwa kwa urahisi.

Siku moja alinijia, uso umekunjamana. Tulipokwisha kuamkiana akasema, "Mwalimu, naomba ukaseme na mke wangu. Juzi alikataa kuamka. Nalikwenda kazini tumbo tupu, nikashikwa na kizunguzungu, mwiba ukanichoma mkono. Je, mtu aletaye fedha nyumbani hastahili hata uji?"

Naliona maneno yake ni ya haki, nikamwahidi. Njiani nikatengeneza hotuba yangu. Nikakusudia kumkumbusha bibi huyo yule mwanamke mwema wa sura ya mwisho ya Mithali, aamkaye kungali usiku. Nikamkuta barazani akipukuchua mahindi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Hujambo?"

Akaniletea kiti, akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, asinikate neno. Kisha akasema, "Mwalimu, nami nimeisoma sura hiyo. Mwanamke yule alikuwa na vijakazi. Mimi kijakazi wangu ni nani?"

Nikanyamaza. Kweli vijakazi wamo, nami nimeifundisha sura ile mara nyingi nikiwapita kama mtu apitaye kisiki njiani.

Akanihesabia saa zake, na hesabu yake haikuwa na kosa. Mumewe hulala saa 2 usiku na kuamka saa 10. Ni saa 8. Yeye huamka saa 9 na nusu achemshe maji na kukoroga uji. Na usiku, mume akiisha kulala, bado viko vyombo, na watoto, na maji ya kesho, hata ifike saa 4 na nusu. Hizo ni saa 5 tu, na waganga wa siku hizi wasema kwamba mtu mzima ahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi. Mume amzidi mkewe saa 3 kila usiku, na kwa siku 6 za kazi ni saa 18.

"Na mchana je?" nikamwuliza.

"Mchana arudipo saa 7 mimi ni kondeni, nirudipo amelala, nami naona haya kumwamsha mtu aliyechoka. Mwalimu, tangu mwaka huu uanze hatujazungumza ila habari za unga na chumvi. Uji si neno, uji ningeupika. Lakini siku ile naliona kana kwamba nampikia mpangaji."

Nalirudi kwangu polepole, nikifikiri. Mkonge uliletwa nchi hii mwaka 1893 na Bwana Richard Hindorf. Miche 62 tu ndiyo iliyosalimika, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mashamba yalipoenea, wenyewe walitafuta watu wa kazi mbali, na wengi waliokuja waliwaacha wake zao kwao. Walipewa kipande cha siku 30, na siku isiyofanyiwa kazi haikutiwa alama. Watu wale walihesabiwa kana kwamba hawana nyumba. Akidamka mtu, hakumwamsha ila mwenziwe wa kambini, naye alikuwa akienda kazi ile ile. Manamba wamepita. Nadhani desturi yao ya alfajiri tumeirithi kama ilivyo, tukaitia ndani ya nyumba yenye mke na watoto, tusiulize kama itaenea.

Sheria nayo ina mpaka wake. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 yataja saa 45 za kawaida kwa juma, na kwamba afanyaye kazi usiku aongezewe 5 kwa mia. Na usiku huo wa sheria huanza saa 2 na kwisha saa 12 asubuhi. Bali mwanamke achocheaye moto saa 9 na nusu hamo katika daftari yoyote. Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua mwaka 1983 kwamba kazi za mke nyumbani zihesabiwe kuwa mchango wake katika mali iliyochumwa katika ndoa. Uamuzi huo ni mwema, ila ni uamuzi wa siku ya kuachana. Je, tungoje ndoa ife ndipo tuhesabu?

Mtakatifu Benedikto, aliyeandika kanuni ya watawa katika karne ya 6, aliwaagiza waamke usiku wakasali. Lakini katika miezi ya baridi aliwaacha walale hata usiku upite nusu kidogo, na wakati wa joto aliwapa kupumzika vitandani mwao baada ya chakula cha adhuhuri. Walikuwa watu wasio na wake wala watoto wa kuogesha, na hata hivyo aliyewadamsha alihesabu usingizi wao.

Mtu atanijibu kwamba njaa haina mashauri. Nakubali, wala sisemi mkata mkonge alale hata jua liwe juu. Nakubali pia kwamba mke ala katika mshahara ule. Lakini asemaye, "Nauza nguvu zangu mwenyewe," asema nusu ya kweli. Saa 10 yake imefungamana na saa 9 na nusu ya mkewe, na saa 2 yake ya kulala imefungamana na ukimya wa nyumba nzima. Siku ya arusi twaahidi habari za shida na raha, za ugonjwa na afya. Saa hatuzitaji, na ahadi zile hazina mahali pengine pa kutimizwa ila katika saa. Basi auzaye mali ya shirika pasipo kumwuliza mshirika wake, hata bei ikiwa njema, hata fedha zote akizileta nyumbani, amemkosea mwenziwe, kwa kuwa hakumwuliza.

Maneno hayo nalimpelekea jirani yangu, naye hakuyapenda. "Mwalimu, nalikutuma unisaidie," akasema, akaondoka. Siku nyingi alipita njia nyingine. Kisha akarudi jioni moja, akakaa kitako mlangoni pangu, akasema, "Uji naweza kuupasha mwenyewe. Lakini nitamwuliza nini? Kazi ni ile ile, na saa ni zile zile."

"Mwulize hivyo hivyo," nikamjibu, maana sikuwa na jibu jingine.

Waliyozungumza siyajui, wala si haki yangu kuyajua. Niyaonayo ni haya: mume akiisha kupumzika mchana huchukua ndoo akateka maji, na wapo waliomcheka kisimani, nao wamechoka kucheka. Uji hutiwa katika chupa ya chai tangu usiku. Mke sasa hulala saa 3. Alimwambia mke wangu kwamba saa 10 bado huamka, kwa kuwa masikio yamezoea; ila haondoki kitandani. Mume huketi ukingoni akifunga viatu vyake gizani, wakasemezana taratibu watoto wasiamke, na siku nyingine hujisahau hata akalazimika kwenda mbio mpaka shambani.