Faranga Zile ni za Nani?

Hapa Isangi, mto Lomami unapoingia katika mto Kongo, wasafiri hungoja saa nyingi chombo cha kwenda Kisangani. Ndipo karata hutoka mfukoni. Je, Mkristo aweza kucheza poka kwa fedha bila dhambi?

Tuangalie kwanza mashindano madogo yalivyo. Watu tisa hutoa, tuseme, faranga 1,000 kila mmoja, nao hupewa vipande vya kuchezea sawasawa. Aliyeishiwa huondoka, wa mwisho hugawana fedha. Mwenye akili hutupa karata mbovu mwanzoni, wala haoni haya. Lakini dau la lazima hupanda kila baada ya muda, na kungoja huwa kufa polepole. Akibakiwa na vipande mara 10 tu ya dau hilo, huweka vyote au hutupa karata. Tuzo likikaribia, mwenye fungu kubwa huwabana wanaoogopa kutoka mikono mitupu.

Je, kujifanya tuna karata nzuri ni uwongo? Sivyo, maana wote wamekubali sheria hiyo, kama vile mchezaji wa mpira anavyomhadaa mwenzake. Tena Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba mchezo wenye kiasi huipumzisha roho.

Lakini yule tunayembana, anaogopa nini? Kama ni kushindwa tu, vema, tucheke pamoja. Kama faranga zile zilikuwa za dawa ya mtoto, basi akili yetu inakula njaa ya nyumba yake. Tomaso huyo huyo alisema kwamba anayejipatia mali mchezoni kutoka kwa mtoto, au kwa kumvuta mwingine acheze kwa tamaa ya kupata faida, imempasa kuirudisha. Na Katekisimu ya mwaka 1992, namba 2413, hukataa kamari inapomnyima mtu riziki yake na ya wale anaowatunza.

Basi akili ya kwanza ya mchezo huo hutumika kabla ya kuketi. Tutoe kile tu ambacho kikipotea hakuna nyumbani atakayelala na njaa. Tukitolewa, tusilipe mara ya pili. Na tukimjua mwenzetu aliyeshika fedha ya shule, tusimkaribishe. Tumkalishe kando yetu atazame, chombo kikija apande na fedha yake.