Malezi ya nyumba na moyo wa mtoto



Kisha ibada ya Jumapili moja, mzee mmoja aliniuliza mbele ya watu: "Papa shemashi, mtoto wako anakunywa pombe kule Kolwezi kwenye mashimo. Malezi yako yako wapi?" Nilinyamaza. Tangu siku ile ninalala na swali hilo na kuamka nalo.

Tuangalie kwanza Maandiko. Nyumba ya Eli ilikuwa moja. Mle walikomaa Hofni na Finehasi, waliodharau sadaka ya Bwana, na mle mle akakomaa Samweli. Tena Samweli mwenyewe, nabii mkubwa, wana wake Yoeli na Abiya walipokea rushwa kule Beer-sheba. Basi mtu asiseme kwamba malezi yanafanya mioyo kama vile tunavyofyatua matofali kwa kalibu moja. Lakini asiseme pia kwamba malezi ni bure. Imani ya Timotheo ilikaa kwanza ndani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike, na Paulo hakuona haya kuwataja wanawake hao.

Kwetu mfano uko karibu zaidi. Mwaka 1921, Papa Simon Kimbangu alipofungwa, Kisolokele alikuwa na miaka 7, Dialungana miaka 5, Diangienda miaka 3. Baba yao alikaa kifungoni miaka 30, akafia hapa kwetu Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951. Fimbo ya baba haikuwako. Aliyekuwako ni Mama Marie Muilu, ambaye aliomba kwa kujificha, sababu wakoloni walikataza imani hiyo. Diangienda alipokuwa mkubwa alifanya kazi katika serikali ileile iliyomfunga baba yake, wala hakulipiza kisasi. Serikali ilikubali Kanisa tarehe 24 Desemba 1959. Mama alikuwa amefariki mwezi wa Aprili mwaka uleule. Siku hiyo hakuiona.

Ninapofikiri juu ya mama huyo, ninajiona nilivyokosa. Watoto wale walimwona mzazi akimwomba Mungu pasipo mtu wa kumsifu. Mtoto wangu aliniona nikiomba kwa sauti kubwa mbele ya wageni. Alipofanya kosa nilimwambia: "Watu watasema nini juu ya shemashi?" Sikumwambia habari ya Mungu, nilimwambia habari ya majirani. Sasa Kolwezi majirani zangu hawako. Amwogope nani?

Sidharau amri zetu. Kukataa pombe, tumbaku na ngoma, kuvua viatu wakati wa maombi, yote hayo yanazoeza mwili, na mwili uliozoea humsaidia mtu siku moyo wake umechoka. Mimi mwenyewe mazoea ya utoto yaliniokoa mara nyingi kabla sijaelewa maana yake. Lakini inakuja siku mtoto anapaswa kuyachukua mwenyewe, na siku hiyo hakuna mzazi anayeweza kumchukulia. Kwa wengine inafika kwenye miaka 15, kwa wengine 40.

Mwezi uliopita kijana alikuja kwa kilio cha bibi yake. Usiku nilimwomba atusomee Zaburi, sisi wawili na mama yake tu. Alisoma polepole, akakosea maneno mawili, sikumsahihisha. Jumatatu alirudi Kolwezi. Habari ya pombe sikumuuliza.