Deni Halingoji Hukumu



Kuna habari ambayo hapa Eldoret hakuna asiyeijua, lakini kanisani tumeizungumza kwa kunong'ona tu. Ni habari ya masomo ya Finland na Kanada. Leo nataka tuizungumze kwa sauti, kwa sababu ndani yake kuna swali ambalo Mkristo hawezi kuliruka: je, ni lazima tungoje korti imtaje mkosaji ndipo tuseme aliyeumia alipwe?

Nikumbushe kwa kifupi. Mwaka wa 2021 Kaunti yetu ya Uasin Gishu ilianzisha mpango wa kuwapeleka vijana kusoma ng'ambo, kwa makubaliano na vyuo vya huko. Wazazi wakaweka karo kwenye akaunti ya benki ya mpango huo. Hizo si pesa za kuokota. Ni mamia ya maelfu ya shilingi kwa mtoto mmoja. Kuna waliouza kipande cha shamba, kuna waliouza ng'ombe, kuna waliochukua mkopo. Vijana wengine walisafiri, halafu wakiwa kule kwenye baridi wakaambiwa karo yao haijafika chuoni. Wengine hawakuwahi kupanda ndege. Mwaka wa 2023 wazazi waliandamana hapa mjini, Seneti ikaingilia, na mwezi wa Agosti aliyekuwa gavana, wakati huo tayari akiwa seneta, akafikishwa mahakamani Nakuru pamoja na maafisa wa kaunti. Wote walikana mashtaka.

Nilipowaona kwa televisheni wazazi wa rika la mama yangu wakilia mbele ya kamera, nilikasirika. Sioni hasira hiyo kuwa dhambi. Lakini kilichonisumbua zaidi ni maneno niliyosikia baadaye kutoka kwa sisi watu wa Mungu.

Wa kwanza walisema, "Hao walikuwa na tamaa ya ng'ambo." Kwani mzazi akitaka mtoto wake asome ni tamaa? Walilipa kwa mpango wa serikali yao wenyewe, si kwa mtu wa kichochoroni. Wa pili walisema, "Hiyo ni siasa, mtu wetu anaonewa." Huyo nitamuuliza jambo moja tu: kama mshtakiwa angekuwa wa kabila lingine au chama kingine, ungesema hivyo hivyo? Mithali 20:10 inatuonya juu ya mtu anayebeba mawe mawili ya kupimia, moja la kwake na lingine la wenzake.

Lakini wa tatu ndio wanaonipa kazi. Hao husema kwa upole, "Pasta, tusihukumu. Tungoje korti." Neno hilo lina harufu ya kiroho, na nusu yake ni kweli. Kumwita mtu mwizi kabla ya ushahidi kupimwa ni dhambi. Wewe unayesambaza majina kwenye WhatsApp, acha. Mshtakiwa naye ana haki, na ana familia.

Tatizo ni kwamba tumechanganya vitu viwili. Nilisomea biashara kabla ya kuingia kwenye huduma, na somo la uhasibu lilinifundisha kutenganisha hatia na deni. Hatia ni ya mtu, na inahitaji ushahidi. Deni ni la aliyepokea, na linahitaji risiti.

Chukua mfano wa chama cha akina mama. Kila mwezi kila mmoja anaweka shilingi elfu mbili. Siku moja sanduku linafunguliwa, pesa hakuna. Mweka hazina anaapa si yeye, na huenda anasema kweli. Sasa mama ambaye zamu yake imefika, tumwambie arudi nyumbani mikono mitupu mpaka mwizi ajulikane? Hapana. Daftari linaonyesha alitoa. Chama kilipokea. Chama kinadaiwa, na kumtafuta mwizi ni kazi ya chama, si ya huyo mama. Waswahili walishasema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema dawa yake ni kesi.

Soma 2 Wafalme 8:1-6. Yule mama Mshunami alikimbia njaa, akakaa ugenini miaka saba, akarudi na kukuta hana nyumba wala shamba. Akaenda kumlilia mfalme. Mfalme akamsikiliza, akahakikisha habari zake, kisha akamteua afisa amrudishie kila kitu, pamoja na mazao ya miaka yote ambayo hakuwepo. Biblia haitaji hata jina la aliyelichukua shamba. Haki ya mama haikungoja jina hilo.

Najua mtu atauliza: kama kaunti italipa, si ni pesa yetu? Mama mboga wa Langas, ambaye mtoto wake hata hakuomba kwenda Finland, kwa nini abebe mzigo huo? Hili ni swali zito, na silipuuzi. Jibu langu ni hili. Ofisi ilipokea kwa jina letu sote. Katika Kumbukumbu la Torati 21:1-9, maiti ikipatikana shambani na muuaji hajulikani, wazee wanapima umbali, na mji ulio karibu zaidi ndio unaotoka mbele za Mungu, ingawa mikono yao haikuua. Mungu aliwapa nafasi ya kusema mikono yao haikuua, lakini hakuwaruhusu wakae nyumbani. Ndiyo, itatuuma. Lakini tukikubali kwamba ofisi ya umma inaweza kupokea pesa na isidaiwe, kesho yule mama mboga akilipia kibanda chake sokoni na kupewa risiti, risiti hiyo itakuwa karatasi tu.

Kwa hivyo wapendwa, tuiachie korti kazi yake, yaani hatia. Sisi tusinyamaze juu ya deni. Ukiketi karibu na mzazi aliyeumia, usimpe hotuba ya tamaa. Muulize amefika wapi. Na kama wewe mwenyewe umeshika pesa ya mtu, ya chama, ya harambee ya hospitali, au mshahara wa kijana wa kazi, usingoje kushtakiwa.

Jumatano baada ya maombi ya jioni nitakuwa ofisini. Mzazi yeyote wa kanisa hili aliyelipa na hajapata haki yake, aje na risiti na barua zote alizo nazo. Tutaomba pamoja, kisha tutaketi tupange karatasi na kuandika barua ya kudai, yenye tarehe na kiasi.