Kosa Lisilomdhuru Mtu

Nilipata kazi katika kikosi cha mashindano ya magari kwa sababu ya Kiswahili, si kwa sababu ya ufundi. Kikosi kilikuwa cha hapa Kampala, gari lilikuwa Subaru Impreza ya zamani iliyotengenezwa upya kwa ajili ya rali, na fundi mkuu alikuwa mzee kutoka Kisumu ambaye hakujua Luganda zaidi ya salamu. Vijana wa gereji nao hawakupatana vizuri na Kiingereza chake. Mimi, mwanafunzi wa Kiswahili wa mwaka wa pili, nilichukuliwa wakati wa likizo ili niwe kati yao: nitafsiri maagizo, nijaze karatasi za ukaguzi, nilete maji, na mikono ikipungua nishike spana. Baada ya mashindano mawili nilikuwa nikishika spana kuliko kalamu.

Kwa wenzangu ambao hawajawahi kuliona jambo hili kwa karibu, nieleze kidogo. Katika rali magari hayashindani bega kwa bega. Kila gari huondoka peke yake kwenye barabara ya vumbi iliyofungwa, muda wake ukapimwa, kisha baada ya hatua kadhaa hurudi katika eneo la huduma. Hapo sisi tulikuwa na dakika 30. Gari hupandishwa kwenye jeki, magurudumu hufunguliwa, breki hukaguliwa, mawe yaliyokwama chini hutolewa, oili hutazamwa. Gari likichelewa kufika kwenye kituo cha muda, kila dakika moja huongeza sekunde 10 za adhabu, na watu wameshindwa rali kwa sekunde chache kuliko hizo. Watazamaji huliona vumbi na jina la dereva mlangoni. Aliyelala chini ya gari hakuna anayemwona, nami nilipenda hivyo.

Kila gurudumu lina nati tano. Kwanza hukazwa kwa mashine gari likiwa bado juu, si kwa kuzunguka duara bali kwa kuruka kutoka upande mmoja hadi mwingine ili gurudumu likae sawa. Gari likishateremshwa, nati hukazwa tena kwa spana ya kupimia, ile inayolia “tak” mkazo unapofika kiasi kilichowekwa. Kisha kila nati huchorwa mstari wa rangi, na mwisho hujazwa karatasi: mbele kulia, mbele kushoto, nyuma kulia, nyuma kushoto. Tiki nne, sahihi moja. Karatasi hiyo ilikuwa kazi yangu.

Siku ninayotaka kuizungumzia tulikuwa magharibi mwa Uganda, huduma ya pili, mchana. Breki za mbele zilitusumbua na dakika zikayeyuka. Ili kuokoa muda, niliweka tiki zote nne na kutia sahihi gari likiwa bado kwenye jeki, nikijiambia kwamba baada ya sekunde chache karatasi na ukweli vitalingana. Gari likateremshwa. Nikakaza la kwanza, la pili, la tatu. Nilipofika nyuma kushoto injini ilikuwa imeshawashwa, msoma ramani ananyoosha vidole viwili dirishani, na mtu nyuma yangu anapiga kelele kwamba watoke. Nikasogea pembeni. Wakaondoka.

Ningeweza kuandika kwamba nilikumbuka baadaye. Makosa ya namna hii husimuliwa hivyo mara nyingi, mtu akashtuka ghafla akiwa anakunywa chai. Mimi sikusahau. Nilijua wakati uleule nilipokuwa nikisogea pembeni.

Mzee alichukua karatasi, akaona tiki nne, akaiweka kwenye faili. Mwenzetu mmoja alikuwa mwanzoni mwa hatua inayofuata, na gari lilihitaji kama dakika ishirini kumfikia. Simu moja ingetosha. Dereva angesimama kando ya njia, akachukua spana ndani ya gari na kumaliza nilichokiacha, kwa gharama ya sekunde chache za adhabu na aibu yangu. Nilitoa simu mfukoni, nikaitazama, nikairudisha. Nati zimekazwa kwa mashine, nilijiambia, labda zitashika.

Hatua ile ilikuwa na kona moja ambayo tuliipita asubuhi tukienda kupanga vifaa. Upande wa nje wa kona kuna kichuguu kikubwa, na watoto walikuwa wamekwishajaa juu yake, kwa kuwa kutoka pale gari huonekana vizuri likiteleza. Kwa karibu saa nzima niliwahesabu watoto wale kichwani, kila mara nikipata idadi tofauti.

Gari lilirudi zima. Nilikimbilia gurudumu lile kabla ya mtu mwingine yeyote. Nati tatu zilikuwa imara. Mbili zilizunguka karibu robo mzunguko kabla spana haijalia. Nikazichora mstari wa rangi kama zile nyingine. Tulimaliza wa tatu katika kundi letu, dereva akatununulia nyama choma na soda, na Mzee alinipa bahasha mbele ya wote akisema, “Huyu mwanafunzi ana mkono mwepesi.”

Rafiki yangu ninayeishi naye bwenini alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema yaliyopita si ndwele. Nilipokataa kutulizwa, alinipa hoja ambayo mpaka leo naiheshimu. Kosa, alisema, ni kama deni: lazima awepo anayedai. Dereva yu mzima, msoma ramani yu mzima, watoto walirudi kwao. Nani anakudai? Kama huwezi kumtaja, basi ulichonacho si hatia bali ni woga uliochelewa.

Swali hili lina wenyewe katika falsafa. Mwaka 1976 Bernard Williams wa Uingereza na Thomas Nagel wa Marekani walijadiliana juu ya kile walichokiita bahati ya kimaadili. Mfano mmoja wa Nagel ungeweza kutoka katika hema letu: dereva wa lori ambaye hakukagua breki zake. Mtoto akijitokeza barabarani, dereva huyo atajilaumu kwa kifo chake maisha yake yote. Asipojitokeza, anabaki dereva kama madereva wengine. Uzembe ni uleule. Kilichotofautisha siku mbili hizo ni mtoto, naye mtoto hakuwa mikononi mwa dereva. Kwa fikra za Kant, ambaye aliona thamani ya nia haitegemei matokeo, mimi nina hatia ileile ambayo ningekuwa nayo kama gurudumu lingechomoka. Lakini usiku ule nililala vizuri. Sidhani aliyeua hulala.

Mzee alikuwa na kanda moja kwenye simu yake ambayo aliwaonyesha vijana wote wapya gerejini. Ni ya mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mwaka 2016. Gari la Toyota namba 5 linaongoza, zimebaki dakika tatu na kitu katika saa 24. Kazuki Nakajima yuko kwenye usukani. Ghafla gari linakosa nguvu, linajikokota, na linasimama karibu na mstari wa kumalizia, mbele ya kikosi chake chenyewe. Porsche inalipita na kushinda. Baadaye Toyota ilieleza kwamba kiungo cha bomba la hewa kati ya turbo na kipoza hewa kilikuwa na hitilafu. Katika maelezo hayo hakuna fundi aliyesahau, wala aliyeweka tiki ya uongo. Lakini mafundi wale walishika vichwa, na wengine walilia. Mzee hakuwahi kutuelezea maana ya kanda hiyo. Aliionyesha tu, kisha akarudi kazini.

Wao walitimiza kazi yao wakalia, mimi niliyedanganya nilikula nyama choma. Matokeo yakiwa ndiyo mizani, mimi ni fundi bora kuliko wao. Sikubali.

Nimejiuliza pia ingekuwaje kama nati zile mbili zingemaliza mzunguko wake. Bila shaka pale msibani mtu angesema ajali haina kinga. Sina ugomvi na methali hiyo. Inawafaa waliofiwa, ambao wanahitaji kitu cha kushika. Ila siku hiyo ingenifaa na mimi. Ningesimama katikati ya waombolezaji nikiitikia kwa kichwa, na hakuna ambaye angefikiria kuuliza kinga hiyo ilikuwa kazi ya nani.

Baada ya kuzunguka sana nimerudi kwenye karatasi. Nadhani kosa langu kubwa halikuwa nati. Muda humwishia kila mtu, na nati ambayo haijakazwa ni kazi iliyobaki tu. Dawa yake ni kusema kwamba imebaki. Kosa ni tiki. Dereva anayeingia kwenye kona kwa mwendo ule hawezi kushuka akajihakikishia mwenyewe. Ameyakabidhi macho yake kwetu, na karatasi ile ndiyo njia pekee tunayomrudishia alichokiona jicho. Nilimwambia nimeona ambacho sikuona. Uongo huo ulikamilika gari likiwa bado kwenye jeki, na bahati haikuwa na nafasi ya kuuongeza wala kuupunguza. Kwa hiyo rafiki yangu anajibiwa: wanaonidai wapo, ni watu wawili, na wanachonidai ni ukweli. Kwamba wako hai hakujafuta deni hilo, kumewafanya tu wasijue kwamba wanadai.

Alinijibu kwamba dereva wa rali hukubali hatari tangu mwanzo. Ni kweli, na hata fomu hutia sahihi. Lakini alichokubali ni vumbi, jiwe, ng’ombe anayevuka, na makosa ya mikono yake mwenyewe. Hakukubali karatasi inayosema lisilokuwepo. Na wale wa juu ya kichuguu hawakutia sahihi popote.

Hata hivyo hoja yangu ina tundu ambalo sijaweza kuliziba. Ikiwa kosa lote limo ndani ya tiki, basi mtu aliyeua mtoto kwa tiki kama yangu hana hatia kubwa kuliko mimi, nami siwezi kumtazama mama wa mtoto huyo usoni nikamwambia hivyo. Damu ikimwagika kuna kitu kinaongezeka. Williams alisema hata dereva wa lori asiye na kosa lolote huhisi jambo ambalo watazamaji wa ajali hawalihisi, na kwamba tungemtilia shaka kama asingelihisi. Labda ndicho walichokuwa wakilia mafundi wa Le Mans. Sijui kama kitu hicho kiitwe hatia. Najua kwamba mimi sikukipata, na kwamba kutokipata hakukuwa juhudi yangu.

Likizo iliyofuata nilirudi gerejini. Mzee alikuwa akinawa mikono kwa sabuni ya unga. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, haraka, kama mtu anayesoma orodha.

“Gurudumu gani?” akauliza.

“Nyuma kushoto, Mzee.”

“Na tiki uliiweka lini?”

“Gari likiwa bado juu.”

Alijifuta mikono polepole. Akafungua droo anamoweka faili za mashindano yote, akaipekua mpaka akaipata karatasi ile, akailaza mbele yangu na kalamu juu yake. Nikaikata tiki ya nne na kuandika kando yake tarehe na jina langu. Aliitazama kwa muda, lakini hakuirudisha kwenye droo.

“Dereva atapita hapa saa nane,” akasema. “Utampa wewe mwenyewe.”

Ilikuwa saa tano na nusu. Akanipa spana, tukaendelea na kazi.