Jembe la Mzee na Bei ya Kiwanja

Katika vigango vya pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, kama vile huko Chamazi na Toangoma upande wa Temeke, au Bunju na Mabwepande upande wa Kinondoni, yumo mzee wa namna ambayo waamini wote waifahamu. Alifika pale siku ambazo pori lilikuwa jirani yake wa karibu. Akafyeka, akapanda mihogo, mikorosho na minazi. Bondeni akalima mpunga. Hakupata kuajiriwa na mtu. Watoto wake wamebatizwa wote, na waliosoma walisomeshwa kwa korosho na mihogo. Siku ya Bwana yumo Kanisani kabla ya kengele ya pili, na wakati wa mavuno sadaka yake haimo katika bahasha bali katika kikapu kilichofunikwa jani la mgomba. Hana cheo katika Halmashauri ya Walei, wala hajapata kuombwa ahutubie watu.

Mzee huyo sasa amekuwa tajiri bila kutaka, nayo ndiyo taabu yake. Sensa ya mwaka 1957 ilihesabu watu 128,742 katika Dar es Salaam. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728 katika mkoa mzima. Mji umemfuata shambani kwake. Shamba halipimwi tena kwa magunia. Hupimwa kwa hatua, 20 kwa 20, na dalali huijua bei kabla ya mwenye shamba. Wana wa mzee, ambao hawajashika jembe tangu waache shule, sasa waja nyumbani mara kwa mara, nao wamkuta baba yao amekuwa mzito wa kusikia.

Hatusemi kwamba kuuza ardhi ni dhambi. Ugonjwa upo, ada ya shule ipo, na mwenye mali aweza kuuza sehemu ya mali yake kwa hiari na kwa akili timamu. Tusemalo ni hili: maisha ya mtu huyu hayakuwa maandalio ya viwanja. Baba Mtakatifu Yohane wa XXIII, mwenyewe mtoto wa wakulima maskini wa Sotto il Monte katika Italia, alifundisha katika waraka wake Mater et Magistra kwamba yampasa mkulima kuiona kazi yake kuwa wito aliopewa na Mungu, wala asijidharau mbele ya watu wa kazi nyingine. Waraka huo una tarehe ya 15 Mei 1961. Na 15 Mei ni siku ya Mtakatifu Isidori Mkulima.

Yafaa tumjue mtakatifu huyu, maana ni ndugu wa mzee wetu. Alizaliwa Madrid, katika Hispania, mwishoni mwa karne ya 11, siku ambazo Madrid ulikuwa mji mdogo wenye mashamba nje ya kuta zake. Maisha yake yote alilima ardhi ya bwana mmoja, Juan de Vargas. Yeye hakuwa na shamba lake. Alioa mke mcha Mungu, jina lake Maria, wakapata mtoto mwanamume. Mapokeo yasimulia kwamba wafanyakazi wenzake walimshitaki kwa bwana wao: Isidori huchelewa kazini kwa sababu ya kusali Misa asubuhi. Bwana akaenda kuvizia, akaona malaika wakilima pamoja naye. Yasimulia tena kwamba mtoto wao alitumbukia kisimani. Baba na mama wakapiga magoti, na maji yakapanda mpaka ukingoni yakimleta mtoto mzima.

Mtu huyo hakuandika kitabu wala hakuanzisha shirika. Lakini tarehe 12 Machi 1622 Baba Mtakatifu Gregori wa XV alimtangaza mtakatifu siku moja na Inyasi wa Loyola, Teresa wa Avila, Filipo Neri, na Fransisko Ksaveri, yule aliyepita Malindi mwaka 1542 akielekea India. Miongoni mwa majabali hao, mtu wa jembe! Mkewe naye alitangazwa mwenye heri mwaka 1697. Nao mji wa Madrid, ambao leo ni jiji kuu la nchi, umemchukua mkulima wa pembezoni mwake kuwa msimamizi wake.

Basi twawageukia ninyi, vijana mnaohesabu hatua. Mwakumbuka habari za Nabothi katika kitabu cha kwanza cha Wafalme. Mfalme Ahabu hakuanza kwa ukali. Alimtolea bei nzuri, hata shamba jingine lililo bora. Nabothi akakataa, kwa kuwa lile la mizabibu lilikuwa urithi wa baba zake. Ndipo Yezabeli alipowatafuta mashahidi wa uongo, na Nabothi akapigwa mawe. Tofauti ya leo ni kwamba Ahabu hula meza moja na Nabothi na kumwita baba. Mashahidi wa uongo hawajakosekana bado, na kalamu ya kutia sahihi mahali pa mzee asiyejua kusoma hupatikana upesi.

Na mama je? Mara nyingi yeye ndiye aliyepalilia mihogo hiyo, naye ndiye anayesahauliwa mapatano yanapofanywa barazani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, nayo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Kijana ajaye nyumbani na karatasi za dalali na amwite mama yake kwanza, amketishe, amsomee kila neno kwa sauti, baba naye akisikia. Kisha amwulize mzee neno moja ambalo dalali hatauliza kamwe: mvua za vuli zitakapoanza, atapanda wapi mihogo yake?